Philip Hench

Philip Showalter Hench (28 Februari 1896 – 30 Machi 1965) alikuwa daktari na mtafiti kutoka nchi ya Marekani. Alizaliwa mjini Pittsburgh. Tangu mwaka 1921 alifanya kazi katika hospitali ya Mayo Clinic, jimbo la Minnesota.

Mwaka 1929 aliona mgonjwa wa baridi yabisi akipata nafuu ya viungo baada ya kushikwa na ugonjwa wa manjano (ule wa ini, si homa ya manjano). Wajawazito nao walipata nafuu. Hench akaamini kwamba mwili wenyewe hutoa kitu kinachotuliza ugonjwa, akakitafuta kwa karibu miaka 20. Mwenzake, mkemia Edward Kendall, alichunguza homoni za tezi za adrenali. Septemba 1948 walimdunga kotisoni mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa huo. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 wawili hao na Tadeusz Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Hench hakuwa daktari wa macho, lakini punde kotisoni ilianza kutumika pia dhidi ya uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, ambao mara nyingi hutokea kinga ya mwili inaposhambulia jicho lenyewe na unaweza kupofusha. Dawa za jamii hiyo bado hutumika kwa matone, sindano au vidonge, ingawa zikitumika muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho na presha ya macho. Hench mwenyewe alisisitiza kwamba kotisoni hutuliza baridi yabisi, haiiponyi.

Alifariki Ocho Rios, Jamaika.