Mary Leakey na nyayo za Laetoli

Msikilizaji, ukitoka hapa Mtumba, ukapita Dodoma mjini na kushika barabara ya Babati, mbele ya Kondoa utafika Kolo, penye michoro ya kale ya miambani. Mwaka 1951 alikuwepo huko mama mmoja Mwingereza akiinakili kwa mkono. Huyo ni Mary Leakey. Wengi wanamjua kwa fuvu la Oldupai. Kondoa yetu husahaulika.

Alizaliwa London mwaka 1913, binti wa mchoraji. Shuleni alifukuzwa mara mbili, na chuo kikuu hakusoma. Kuchora ndiko kulikomwingiza kwenye kazi ya mambo ya kale na kumkutanisha na Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya, aliyekuja kuwa mumewe.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kambini, anaumwa homa. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza ardhini. Vipande vilipounganishwa likapatikana fuvu la Zinjanthropus, la miaka ipatayo milioni 1.75. Sifa nyingi zilimwendea mume, ingawa aliyeliona ni mke.

Kwangu mimi, kazi yake kubwa ni Laetoli, kusini mwa Oldupai. Wataalamu walikuwa wakibishana: kilitangulia nini, ubongo mkubwa au kutembea kwa miguu miwili? Mwaka 1978 kikosi chake kilifukua nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano yaliyoloa mvua, kisha yakaganda kama saruji, miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele, kama wewe ukikanyaga tope shambani. Alama za mikono hakuna. Lakini mifupa ya viumbe wa aina hiyo iliyopatikana Ethiopia ina kichwa kidogo, ubongo wake haujapita sana wa sokwe. Maana yake miguu ilibadilika kwanza, ubongo ukaja kukua baadaye sana.

Wapo wasikilizaji wanaoniambia mageuzi ni maneno ya vitabuni tu. Hizi ni nyayo, na mfugaji anayefuata ng'ombe aliyepotea anajua unyayo unasema nini.

Baada ya kupimwa zilifukiwa ili zisiharibike. Migunga ikaota juu yake, mizizi ikaanza kushuka, na miaka ya 1990 ikabidi zifukuliwe, miti iondolewe, zifunikwe upya. Kazi hiyo ilimkuta Mary akiwa bado hai. Alifariki Nairobi, Desemba 1996.