Warren Johnson, mwalimu aliyelifikisha joto la darasani kwenye waya

Katika nyumba nyingi za Amerika Kaskazini kipo kisanduku kidogo ukutani, mara nyingi sebuleni au kwenye korido, ambacho wenye nyumba hukitazama zaidi kuliko saa pindi baridi inapoanza. Kisanduku hicho ni themostati. Chenyewe hakitoi joto wala baridi. Kazi yake ni kuhisi hali ya hewa ya chumba na kuiamrisha mashine iwake au izime. Miongoni mwa watu waliokifikisha hapo, katika nchi jirani ya Marekani, ni Warren Seymour Johnson, mwalimu wa chuo cha ualimu aliyefariki dunia mwaka 1911 akiwa ameacha hataza zaidi ya 50 na kampuni iliyobeba jina lake.

Johnson alizaliwa tarehe 6 Novemba 1847 katika mji mdogo wa Leicester, jimboni Vermont, na angali mtoto familia yake ilihamia Wisconsin. Hakuanza maisha kama mvumbuzi. Alifanya kazi ya uchapaji, akapima ardhi, akafundisha, akawa mkaguzi wa shule, na katika miaka ya 1870 akapata nafasi ya kufundisha katika chuo cha ualimu cha serikali huko Whitewater. Alijulikana hapo kwa mbinu za ufundishaji zisizo za kawaida, lakini moyo wake ulikuwa maabara, hasa katika mambo ya umeme na kemia.

Kero iliyomsukuma ilikuwa ya kila siku. Majira ya baridi ya Wisconsin hushuka mbali chini ya sifuri, na majengo ya shule ya wakati ule yalipashwa joto na tanuru lililokuwa chini kabisa ya jengo. Aliyeliangalia tanuru hilo hakuwa na njia ya kujua hali ya vyumba vya juu isipokuwa kupanda ngazi, kuingia darasa moja baada ya jingine, kutazama kipimajoto, kisha kushuka na kufungua au kufunga mlango wa hewa ya moto. Somo lilikatizwa kila mara. Na mtu huyo alipofika chini, darasa alilolitazama kwanza lilikuwa limekwisha kubadilika. Wanafunzi waliganda asubuhi na kutokwa jasho mchana.

Johnson alitafuta namna ya kuipeleka habari ya joto chini bila mtu kupanda ngazi. Alitumia jambo ambalo lilikuwa limekwisha kujulikana: metali mbili tofauti zilizounganishwa pamoja hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto, kwa hiyo bamba lake hujipinda. Mkemia Andrew Ure wa Glasgow alikuwa amekata hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1830, na jina la themostati linatokana na chombo chake. Johnson alichoongeza ni umeme. Bamba lake lilizungushwa kama koili. Lilipojipinda, liliendesha swichi ya zebaki iliyounganisha au kukata mkondo wa umeme, na kengele ikalia kumwarifu mtu wa tanuru. Hataza ya chombo hicho ilitolewa Julai 1883.

Ikumbukwe kwamba mwaka huo shule hazikuwa na umeme wa ukutani. Kilichokuwapo ni betri za maji ya kemikali na waya mwembamba, nguvu ndogo isiyoweza kuzungusha chochote kizito. Ndiyo maana chombo cha kwanza kilitoa habari tu, na kazi ya mikono ikabaki kwa binadamu.

Hapo ndipo alipoingia William Plankinton wa Milwaukee, mrithi wa biashara kubwa ya nyama. Aliipenda hataza hiyo na akatoa mtaji. Johnson aliacha ualimu, hatua isiyo ndogo kwa mtu aliyekuwa na mshahara wa serikali, na tarehe 1 Mei 1885 ikaundwa Johnson Electric Service Company, Plankinton akiwa rais wake. Makubaliano hayo yalikuwa na upande wa pili ambao haukuonekana mara moja. Mwenye fedha alikuwa amewekeza katika udhibiti wa joto. Mwenye akili alikuwa anafikiria mambo kumi kwa wakati mmoja.

Kwanza, hata hivyo, alilimaliza tatizo la tanuru. Kwa kuwa umeme wa siku zile ulikuwa dhaifu, aligeukia hewa iliyoshindiliwa. Mirija myembamba ilipitishwa ukutani hadi kila chumba. Bamba la metali mbili lilifungua au kuziba tundu dogo, msukumo wa hewa ukapanda au kushuka, na msukumo huo ndio ulioendesha vali ya mvuke bila mkono wa mtu. Mfumo wake wa kudhibiti vyumba vingi, kila kimoja kwa kipimo chake, uliandikishwa mwaka 1895. Mtumishi wa tanuru hakuhitaji tena kupanda ngazi, na darasa la upande wa kaskazini halikupata tena adhabu kwa sababu darasa la kusini lilikuwa na jua.

Johnson alishikilia sharti moja lililowakera baadhi ya wateja: vyombo vyake vifungwe na mafundi waliofunzwa na kampuni yake, si mwingine. Leo sharti hilo linaweza kuonekana kama ujanja wa kulinda soko, na pengine lilikuwa hivyo kwa sehemu. Lakini anayejua kinachotokea themostati ikifungwa vibaya atalitazama kwa jicho jingine.

Mfano ulio karibu ni pampu ya joto ya nyumbani, mashine ambayo Johnson hakuiona ikienea, ingawa mwanafizikia William Thomson, baadaye Lord Kelvin, alikuwa ameieleza kanuni yake mwaka 1852. Pampu hiyo haizalishi joto kwa kuchoma kitu. Hulichukua joto lililomo katika hewa ya nje, hata hewa inayoonekana kuwa baridi, na kulihamishia ndani kwa kutumia gesi inayoshindiliwa na kompresa. Wakati wa kiangazi mzunguko huo hugeuzwa, joto la ndani likatolewa nje. Kwa hiyo themostati yake hubeba amri nyingi kuliko kengele ya Whitewater.

Katika mifumo ya kawaida ya Amerika Kaskazini inayosambaza hewa kwa mabomba, amri hizo hupita kwenye waya za volti 24, kila moja ikiwa na herufi yake. R huleta umeme kutoka kwenye transfoma na C huurudisha. Themostati ikiunganisha R na Y, kompresa huwaka; R na G, feni huzunguka. Waya wa O au B huendesha vali inayougeuza mzunguko, na hapo ndipo wengi hukosea: mashine zinazotumia O huipa vali umeme wakati wa kupoza, zinazotumia B huipa umeme wakati wa kupasha. Ukichagua kinyume katika mipangilio, nyumba hupozwa katikati ya Januari. Waya nyingine, mara nyingi W2 au AUX, huwasha koili za umeme za akiba. Hizo hupasha kweli, lakini hula umeme mwingi zaidi kuliko pampu, na themostati iliyowekwa kana kwamba inaongoza tanuru la kawaida inaweza kuziita kila saa bila mwenye nyumba kujua, mpaka ankara ifike.

Tahadhari zenyewe si ngumu. Umeme wa mashine ya ndani na ya nje huzimwa kwenye swichi kuu kabla ya kifuniko kufunguliwa, kwa sababu R ikigusana na C hata kidogo, fyuzi au transfoma huungua. Waya za zamani hupigwa picha zikiwa mahali pake, na herufi ndiyo hufuatwa, si rangi, maana fundi aliyetangulia huenda alitumia waya wowote aliokuwa nao. Themostati nyingi za kisasa zenye intaneti huhitaji waya wa C, ambao nyumba za zamani hazina. Kisanduku hufungwa kwenye ukuta wa ndani, takriban mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na jua, mlango na tundu la hewa ya moto. La sivyo kitapima joto lake chenyewe na si la chumba. Mifumo isiyo na mabomba ya hewa mara nyingi ina mawasiliano ya aina nyingine, na huko herufi hizi hazisaidii. Mpangaji, kwa upande wake, hana budi kumwuliza mwenye nyumba kabla ya kugusa bisibisi.

Johnson mwenyewe hakubaki katika mambo ya joto. Alibuni saa kubwa za minara zinazoendeshwa kwa hewa, na kampuni yake ilitengeneza saa ya jumba la jiji la Milwaukee. Kwa maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904 ilijengwa saa ya maua ardhini ambayo uso wake ulikuwa na upana wa zaidi ya mita 30. Alijitosa pia katika simu ya upepo kwa kampuni nyingine aliyoiongoza. Mwaka 1900 alimwajiri kijana aitwaye Lee de Forest, ambaye miaka sita baadaye angevumbua taa ya Audion iliyofungua njia ya matangazo ya redio. Wawili hao waliachana upesi, wakigombania haki ya kutumia kipokezi ambacho kijana huyo alikihesabu kuwa chake. Mradi wa simu ya upepo haukufika popote.

Baada ya hapo yakaja magari. Johnson alipokuwa rais wa kampuni, kuanzia mwaka 1901, alitengeneza magari ya mvuke na kupata mkataba wa kubeba barua za posta mjini Milwaukee bila farasi. Aliamini kwamba magari yangeipita biashara ya joto kwa mbali. Wenzake katika uongozi hawakushawishika. Walimwona mtu anayetumia faida ya themostati kulisha ndoto nyingine. Haikuwa hoja ya kipuuzi, wala yake haikuwa ya kipuuzi. Kuhusu magari aliona mbele. Kuhusu mvuke alikosea.

Alifariki tarehe 5 Desemba 1911 huko Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 64. Mwaka uliofuata Harry Ellis alichukua uongozi wa kampuni na kuondoa karibu kila kitu ambacho Johnson alikipenda katika miaka yake ya mwisho. Saa na magari yakaachwa. Ukabaki udhibiti wa joto la majengo. Kampuni hiyo, ambayo baadaye ilijulikana kama Johnson Controls, ilinunua mwaka 2005 kampuni ya York, mtengenezaji wa viyoyozi na pampu za joto, na hivyo jina la mwalimu wa Whitewater likafika hadi kwenye mashine iliyoko upande wa pili wa waya.