Leland Stanford: Gavana aliyewakataa Wachina, kisha jasho lao likamtajirisha

Ukitaja jina la Stanford leo, wengi wanawaza chuo kikuu kile cha California walichosoma waanzilishi wa Google. Wachache wanakumbuka kwamba mwenye jina alikuwa gavana, na kwamba siku anaapishwa alisimama mbele ya watu akataka wahamiaji kutoka Asia wazuiwe kuingia jimboni.

Miaka mitatu tu baadaye, kampuni yake ilikuwa inawatafuta wahamiaji haohao kwa udi na uvumba. Hii ndiyo habari ya maisha yake.

Mtoto wa mwenye nyumba ya wageni

Amasa Leland Stanford alizaliwa tarehe 9 Machi 1824 huko Watervliet, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mkulima na pia mwenye nyumba ya wageni. Kijana akasomea sheria, akafungua ofisi ya uwakili katika mji mdogo wa Port Washington, Wisconsin, kisha akaoa binti aitwaye Jane Lathrop mwaka 1850.

Mwaka 1852 moto ukateketeza ofisi na vitabu vyake vyote. Basi akafanya kama vijana wengi wa wakati ule, akaenda California kujaribu bahati. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa kule mwaka 1848 na ndugu zake walishatangulia.

Lakini Stanford hakushika sururu. Yeye aliwauzia wachimbaji vyakula na vifaa. Hela ikaingia, akahamia Sacramento, akawa mfanyabiashara wa kuheshimika.

Mgeni asiye na kura

Dhahabu iliwavuta watu kutoka kila pembe ya dunia, wakiwemo Wachina wengi kutoka kusini mwa China. Hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilikuta Wachina karibu 35,000 California, yaani takriban mtu mmoja katika kila kumi.

Wanasiasa wakaona mwanya. Sheria ya uraia ya Marekani iliwaruhusu wageni wazungu tu kuomba uraia. Mchina hata akikaa miaka 30 hapigi kura. Kwa hiyo mgombea angeweza kumsema atakavyo na asipoteze hata kura moja.

Wa kwanza kuutumia mwanya huo kwa nguvu alikuwa Gavana John Bigler. Mwaka 1852 alilitaka bunge la jimbo lizuie Wachina kuingia. Mwaka huohuo wachimbaji wa kigeni wakaanza kutozwa kodi ya dola 3 kwa mwezi, na mzigo mkubwa ukawaangukia Wachina. Mwaka 1853 Bigler akachaguliwa tena.

Mwaka 1854 ikaja pigo jingine. Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba Mchina haruhusiwi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Maana yake mzungu akikuibia au akimuua ndugu yako, wewe uliyeona kwa macho yako huna cha kusema mahakamani.

Uchaguzi wa 1861

Stanford alikuwa miongoni mwa watu walioanzisha chama cha Republican California. Mwaka 1859 akagombea ugavana na kuangukia nafasi ya tatu. Wapinzani wao waliwasema Warepublican kuwa ni chama cha kuwatetea watu weusi. Stanford akajibu kwa kusisitiza kwamba yeye anasimama na mfanyakazi mzungu aliye huru.

Mwaka 1861 mambo yakageuka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza, Wademocrat wakagawanyika makundi mawili na kila kundi likasimamisha mgombea wake. Stanford akapita katikati, akashinda.

Aliapishwa tarehe 10 Januari 1862, siku ambayo Sacramento ilikuwa imefunikwa na mafuriko. Ilibidi gavana mteule apande mtumbwi kwenda kwenye sherehe yake mwenyewe.

Katika hotuba yake aliwaita watu wa Asia kuwa ni wa daraja la chini, akasema kuja kwao kunawaharibia wazungu, na kwamba njia zote halali zitumike kuwazuia. Akaahidi kushirikiana na bunge katika hilo.

Na kweli, mwezi Aprili ikapitishwa sheria ya kumtoza Mchina dola 2.50 kila mwezi, kwa lengo lililotajwa waziwazi la kumlinda mfanyakazi mzungu asishindane naye. Haikudumu. Mchina mmoja aitwaye Lin Sing akaipinga mahakamani na Mahakama Kuu ya California ikaifuta. Majaji walisema jimbo halina mamlaka hayo.

Kumbe reli inataka watu

Wakati anafanya kampeni, Stanford alikuwa tayari na kazi nyingine. Juni 1861, yeye na wafanyabiashara wenzake Collis Huntington, Mark Hopkins na Charles Crocker walianzisha kampuni ya reli ya Central Pacific. Yeye akawa rais wa kampuni. Alipokuwa gavana hakuachia kiti hicho.

Julai 1862 Rais Abraham Lincoln alisaini sheria ya kujenga reli ya kuunganisha mashariki na magharibi. Januari 1863 Stanford, akiwa bado gavana, alichota koleo la kwanza la udongo Sacramento. Mwisho wa mwaka huo akaondoka madarakani na kubaki na reli yake.

Tatizo likawa watu. Wazungu walioajiriwa walikuwa wakifika karibu na Nevada wanatoroka kwenda kuchimba fedha. Crocker, aliyesimamia ujenzi, akapendekeza wajaribu Wachina. Msimamizi wake akabisha kwamba ni wadogo wa mwili. Wakajaribu kikundi kidogo, na ndani ya muda mfupi kampuni ikawa inaagiza maelfu.

Oktoba 1865 Stanford alimwandikia ripoti Rais Andrew Johnson. Safari hii Wachina walikuwa watu watulivu, wavumilivu, wachapakazi na wenye kubana matumizi, na bila wao reli isingekamilika kwa wakati. Ni mtu yuleyule wa hotuba ya 1862.

Granite, theluji na mgomo

Ilipofika kazi ngumu kuliko zote, Wachina walikuwa kama asilimia 90 ya wafanyakazi. Zaidi ya 10,000 walikuwa kazini kwa wakati mmoja.

Ilibidi watoboe milima ya Sierra Nevada. Handaki la kileleni peke yake lina urefu wa zaidi ya mita 500, lote jiwe la granite. Walichimba kwa mkono, baruti na nitrogliserini. Siku nyingine mwamba ulisogea sentimita chache tu. Majira ya baridi ya 1866 na 1867, maporomoko ya theluji yalifukia watu wakiwa kambini, na miili mingine ilionekana theluji ilipoyeyuka. Waliokufa kwenye ujenzi ule ni mamia.

Mshahara wao ulikuwa kati ya dola 26 na 35 kwa mwezi, na chakula wajinunulie. Mzungu alilipwa zaidi na chakula akapewa.

Juni 1867 maelfu ya Wachina waliweka zana chini. Walitaka dola 40 na saa chache za kazi. Hawakufanya fujo, walikaa tu kambini. Crocker akakata chakula kisifike mlimani. Baada ya kama wiki moja ya njaa, mgomo ukaisha bila madai yao kutimizwa.

Tarehe 10 Mei 1869, Promontory, Utah, reli mbili zikakutana. Stanford ndiye aliyepewa nyundo kugonga msumari wa dhahabu, na inasimuliwa kwamba pigo la kwanza alikosea. Ukiangalia picha maarufu ya siku ile, Wachina waliojenga njia hiyo ni kama hawapo.

Moto unarudi nyumbani

Reli ilipoisha, maelfu wakaachwa bila kazi. Miaka ya 1870 uchumi ukaanguka. Mwaka 1877 San Francisco likaibuka vuguvugu la wafanyakazi wazungu likiongozwa na Denis Kearney, yeye mwenyewe mhamiaji kutoka Ireland. Dai lao kuu lilikuwa Wachina waondoke. Hasira hiyo ikapanda hadi mlima wa Nob Hill, kwenye majumba ya kifahari ya Stanford na wenzake, matajiri walioonekana kuwa ndio waliowaleta. Maneno yaliyomsaidia kuingia ikulu ya jimbo sasa yalikuwa yanapigwa kelele mlangoni kwake.

Septemba 1879 California ikachagua gavana mpya, na siku hiyohiyo wapiga kura wakaulizwa kama wanataka Wachina waendelee kuja. Waliokataa walikuwa 154,638. Waliokubali 883. Baada ya hapo hakuna mwanasiasa aliyethubutu kusema tofauti. Mwaka 1882 Marekani nzima ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina, na mlango haukufunguliwa tena mpaka 1943.

Mtoto wa pekee

Stanford na Jane walikaa miaka 18 bila mtoto. Leland mdogo alizaliwa mwaka 1868. Machi 1884, wakiwa safarini Florence, Italia, kijana akafa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka 15.

Wazazi wakaamua kutumia mali yao kwa ajili ya watoto wa wengine. Chuo kikuu chenye jina la mwana wao kilianzishwa mwaka 1885 na kufungua milango tarehe 1 Oktoba 1891. Wachina walifanya kazi hata kwenye mashamba na bustani za huko. Stanford, wakati huo seneta mjini Washington, alifariki tarehe 21 Juni 1893.

Waliosahaulika wakumbukwa

Mwaka 2009 bunge la California liliomba radhi rasmi kwa sheria zake za zamani dhidi ya Wachina. Mwaka 2012 watafiti wa chuo hichohicho cha Stanford walianza mradi wa kutafuta habari za wajenzi wale wa reli. Kampuni iliwaandika wengi kwa makundi chini ya jina la kiongozi wao, ndiyo maana majina mengi yamepotea.

Jina la gavana liko hadi kwenye fulana za wanafunzi. Ya waliomtobolea mlima bado yanatafutwa.