Emmanuel Kataliko: askofu aliyeanzisha iniversite, akafukuzwa juu ya barua

Tarehe 12 Februari 2000, wakubwa wa RCD-Goma walimzuia Askofu Mkuu wa Bukavu asirudi nyumbani kwake. Wakati huo kundi hilo lilitawala Bukavu, Uvira na bonde la Ruzizi, Sange ikiwa ndani, kwa nguvu ya jeshi la Rwanda. Walimpeleka Butembo, wakamwambia akae huko. Monsenyere Emmanuel Kataliko hakuwa na bunduki wala chama cha siasa. Kosa lake lilikuwa barua ya Noeli.

Kataliko alizaliwa mwaka 1932 Kivu ya Kaskazini, upande wa Butembo. Alisoma Roma, akapewa upadri mwaka 1958. Mwaka 1966, akiwa bado kijana wa miaka 30 na kitu, Papa alimweka askofu wa Beni, jimbo ambalo baadaye liliitwa Butembo-Beni. Alikaa huko zaidi ya miaka 30. Watu wa kule wanamkumbuka kwa barabara, shule na hospitali, sababu Leta ya Mobutu ilikuwa mbali na barabara ilikuwa inakufa.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa iniversite. Tangu mwaka 1971, Mobutu alikuwa amezikusanya iniversite za Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi ndani ya moja tu, UNAZA, chini ya mkono wa Leta. Hata UNAZA ilipovunjwa mwaka 1981, masomo ya juu yalibaki mali ya serkali. Kijana wa Kivu aliyepata diplome ya Leta na kutaka kuwa daktari alipaswa kusafiri mbali sana, na mzazi asiye na franga alibaki na mtoto nyumbani.

Mwaka 1989 mlango ulifunguka kidogo, na Kataliko hakungoja. Mwaka huo ilianza Iniversite ya Graben kule Butembo, yeye akiwa mwanzilishi. Leo inajulikana kama UCG, na kati ya fakilte zake kuna udaktari, sheria na kilimo. Mwaka huohuo Bukavu nayo ilipata iniversite yake ya Kikatoliki, UCB. Mtoto wa mkulima wa Kivu akaweza kusomea sheria au udaktari bila kusafiri mbali sana.

Tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia Bukavu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini. Kiti kilibaki wazi hadi Machi 1997, Kataliko alipotajwa kukikalia. Angeweza kuomba abaki Butembo, fasi alipojulikana na kupendwa. Alikubali kwenda.

Mwaka uliofuata vita vya pili vilianza. Agosti 1998 watu wengi waliuawa Kasika, katika Mwenga, na padri na watawa wakiwa kati yao. Mwishoni mwa mwaka huo ikawa zamu ya Makobola, kusini ya Uvira. Wengi waliokuwa na cheo walinyamaza juu ya kuogopa, na wengine juu ya kula.

Kataliko aliandika. Katika barua yake ya Noeli 1999 alisema wazi kwamba nguvu za kigeni, zikisaidiwa na Wakongomani wenyewe, zinafanya vita kwa mali ya nchi hii. Mali ambayo ingesomesha watoto na kutibu wagonjwa imegeuka kuwa ya kuwaua wenye nchi. Hadi hapo, kila mtu angepiga makofi. Lakini hakuishia kwa wageni. Aligusa pia raia wa chini, yule anayemtoa ndugu yake kwa wenye bunduki ili apate dola kumi au ishirini. Kwake, maadili ya siasa hayakuwa kazi ya rais na waziri peke yao. Yalianza kwa jirani. Na dawa aliyoitoa haikuwa bunduki: aliomba watu wasimame pamoja, wasiogope, wakatae uovu bila kulipiza damu.

Wiki chache baadaye, raia wa Bukavu walifunga maduka na kubaki nyumbani siku kadhaa, wakipinga utawala ule. RCD ilimtupia Kataliko lawama hiyo na kusema anachochea chuki. Ndipo akafukuzwa.

Kumbe waliompeleka Butembo walimrudisha kwa watu wake mwenyewe, katika mji wa iniversite aliyoianzisha. Eneo hilo lilikuwa mikononi mwa kundi jingine la waasi, lililo karibu na Uganda. Bukavu ilimlilia, na Kanisa la ndani na nje likadai arudishwe. Alikaa uhamishoni miezi saba, hakuifuta barua yake. Tarehe 14 Septemba 2000 aliruhusiwa kurudi, na Bukavu ikatoka barabarani kumpokea.

Furaha haikudumu. Alisafiri kwenda Roma kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafia huko, siku 20 tu tangu arudi. Kilichotangazwa ni ugonjwa wa moyo. Alizikwa Bukavu.

UCG na UCB zinaendelea kutoa madaktari, wanasheria na wataalamu wa kilimo, na kati yao wapo wanaofanya kazi hadi pembeni ya ziwa Tanganyika. Barua nayo bado ni nzito, juu ya ile sehemu ya dola kumi na ishirini. Kumlaumu mgeni ni rahisi. Kataliko alitaka mtu ajiulize kwanza jirani yake anamuuza bei gani.