Luhn: Fundi aliyezipa nambari mlinzi

MKAZI wa Buhehe, Busia au Tororo akibonyeza *#06# kwenye simu yake, huona nambari ya tarakimu 15. Ya mwisho ni mlinzi wa zile 14, na aliyebuni ulinzi huo alifariki kabla ya simu ya mkononi kuvumbuliwa.

Hans Peter Luhn alizaliwa Julai 1, 1896 mjini Barmen, Ujerumani, babake akiwa mpiga chapa. Alihamia Marekani, akaingia katika biashara ya nguo na kubuni kifaa cha kupima wingi wa nyuzi kwenye kitambaa. Mwaka wa 1941 alijiunga na kampuni ya IBM.

Makarani walipokuwa wakinakili nambari, walikosea tarakimu moja au kugeuza mbili. Januari 1954, Luhn aliomba hataza ya kifaa cha mkononi cha kunasa makosa hayo. Aliipata Agosti 1960.

Chukua 2634. Kuanzia kulia, kila tarakimu ya pili huzidishwa kwa mbili. Jibu likizidi 9, huondolewa 9. Utapata 4, 6, 6 na 4, jumla 20. Jumla isipoishia kwa sifuri, kuna kosa. Ukiandika 2364, jumla ni 14, nambari hukataliwa.

Kadi za benki hutumia hesabu hiyo hiyo. Hata hivyo, hainasi 09 ikigeuzwa kuwa 90, wala haijui akaunti ni ya nani. Mfanyabiashara wa mpakani bado anapaswa kuhakikisha jina la mpokeaji kabla ya kutuma pesa.

Luhn alifariki Agosti 19, 1964, akiwa ameacha hataza zaidi ya 80.