Msee Aliyefanya Spika Zako Ziwe Mbili

Kama umewahi kulipa mbao kuingia kwa banda la muvi pale Kibera ama Kawangware, hii unaijua. DJ Afro anatafsiri kwa fujo, stelingi anakimbia kutoka kushoto hadi kulia, lakini sauti yote inatoka kwa spika moja imewekwa kona ya mlango. Wewe ulishazoea. Kuna msee alikataa kuzoea.

Alan Blumlein alizaliwa London 1903, fundi wa stima wa kweli kweli. Kazi zake za kwanza zilikuwa za simu, kupunguza ile kelele ya laini moja kuingilia nyingine kwa nyaya ndefu. Baadaye akaingia Columbia, kampuni ya santuri iliyoungana na nyingine 1931 ikawa EMI. Siku moja akaenda kucheki muvi na Doreen, aliyekuja kuwa bibi yake. Muvi za sauti ndio zilikuwa zimeingia tu. Mwigizaji anavuka skrini, sauti imebaki palepale. Ikamboo. Mimi na wewe tungetoka tukatafute chipo, yeye alienda kutafuta dawa. Desemba 1931 akasajili uvumbuzi wake: maiki mbili, spika mbili, na njia ya kuchora sauti zote mbili kwa mfereji mmoja wa santuri. Hiyo ndiyo sterio, manze. 1934 akarekodi okestra nayo pale Abbey Road, miaka mingi kabla Beatles waingie hapo.

Lakini soko halikuwa tayari. Vita ikaja, akawekwa kwa mradi wa siri wa rada (sio ile ya salamu). Tarehe 7 Juni 1942, ndege waliyokuwa wakijaribia hicho chombo ilishika moto ikaanguka Herefordshire. Wote 11 wakadedi. Alan alikuwa na miaka 38, akaacha Doreen na vijana wawili. Kifo chake kikafichwa Wajerumani wasishtuke. Santuri za sterio zilikuja kujaa madukani mwisho wa miaka ya 50.

So kabla uongeze sabufa kubwa kwa keja yako ya Gatina ama Laini Saba, tenganisha hizo spika mbili, ukae katikati, umbali sawa. Tundika blanketi nzito kwa ukuta wa mabati, sauti isirukeruke. Ziba mwanya wa mlango, kelele ya nduthi ipungue. Mvua ikianza kupiga paa, zima tu. Hapo hata Blumlein angelala.