Livingstone ndani ya Kabambare: mtu aliyejitengenezea kila kitu, mpaka wino

Jina la David Livingstone wengi wetu tulilisikia shuleni: Muzungu mwenye kofia, aliyetafuta chemchemi za mto Nili. Kitu ambacho masomo hayo hayasemi sana ni kwamba mtu huyu alikaa kwetu Maniema karibu miaka 2, kuanzia Septemba 1869, na miezi mingi ya muda huo aliipitishia Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre. Na vile aliishi hapa si mbali na vile wakaaji wengi wanaishi leo: kitu kikiharibika na duka liko mbali, unakitengeneza mwenyewe kwa kile kilicho karibu.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, nchini Scotland, katika familia ya kimaskini. Alipofika miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 ya usiku. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika kwenye mashine. Unaweza kusema kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza. Jioni alisoma, akaendelea mpaka akawa daktari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini kama mumisionari.

Kule hapakuwa fundi wa kuita. Mwaka 1844 simba alimrukia na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto, karibu na bega. Mfupa haukuunga vizuri, na mkono huo ulibaki na kasoro maisha yake yote. Hata hivyo alijenga nyumba mara 3, ya mwisho ikiwa Kolobeng, katika Botswana ya leo. Alipiga matofali, alichonga mbao, alitengeneza viatu, bunduki na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mke wake, Mary Moffat, alitengeneza sabuni, mishumaa na nguo za familia. Hakuna aliyefanya kazi ya nyumba peke yake. Mwaka 1852 Makaburu walivamia Kolobeng, wakavunja na kuiba vitu vya ile nyumba.

Baadaye alipata mashine kubwa zaidi, na hapo aliona taabu. Mwaka 1858 alipewa meli ndogo ya mvuke, Ma Robert, kwa kazi ya mto Zambezi. Bati lake lilikuwa jembamba, likashikwa na kutu, likatoboka kila mahali. Watu waliziba tundu moja, lingine likafunguka. Tena jiko lake lilikula kuni nyingi mno: siku nzima wanakata miti, na safari inakuwa fupi. Mwisho wa mwaka 1860 meli hiyo ikazama. Kila mtu aliyenunua mashine ya bei rahisi, akamaliza faranga zote kwenye matengenezo, anaelewa hadithi hii. Meli nyingine ya baadaye, Lady Nyassa, Livingstone aliilipa kwa pesa zake mwenyewe. Mwaka 1864 aliiongoza kutoka Zanzibar mpaka Bombay, India, safari ya wiki 6 baharini, ingawa yeye hakuwa baharia wa kazi.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866. Mwezi wa Januari 1867 mchukuzi mmoja alikimbia na sanduku la dawa. Tangu siku ile daktari alibaki bila kwinini, na afya yake haikurudi tena kama zamani. Ndiyo hali aliyokuwa nayo alipoingia Maniema.

Hapa kwetu jambo moja lilimshangaza: nyumba. Aliandika kwa urefu juu ya vile babu zetu walijenga. Nyumba zilikuwa za pembe 4, zimepangwa kwa mstari. Mara nyingi njia ya kijiji ilielekea mashariki na magharibi, ili jua likaushe unyevu upesi kisha mvua. Ukuta ulikuwa wa udongo uliopigwa vizuri. Paa iliezekwa kwa majani magumu: kikonyo cha jani kilikatwa kidogo, kikafanya ndoano, kikashikizwa kwenye fito za mitende zilizopasuliwa. Maji yaliteremka mbio bila kugusa ukuta. Ndani palikuwa pasafi, na kunguni hawakujulikana mpaka misafara ya wafanyabiashara ilipowaleta. Anayejenga leo kwa matofali ya udongo anajua siri ni ile ile: paa itoke nje vya kutosha, ukuta usilowe. Ukuta ukilowa, hata manjanja mapya juu hayatakusaidia.

Mwezi wa Juni 1870 alianza tena safari akiwa na watu 3 tu waliobaki naye: Susi, Chuma na Gardner. Matope ya njia yalimtoboa miguu, vidonda vikakataa kupona. Tarehe 22 Julai alirudi Kabambare, na hakuondoka tena mpaka Februari 1871. Kwa siku 80 hivi alikuwa karibu hawezi kutoka ndani ya nyumba. Dawa iliyomsaidia ilitoka Katanga: jiwe la kijani la shaba, malakiti, lililosagwa na maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya. Chakula na msaada mwingine alipata kwa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Hilo linauma kidogo: Livingstone alichukia biashara ile kwa moyo wote, na bila watu wa biashara ile angekufa kwetu.

Daftari nazo ziliisha, na wino pia. Akachukua magazeti ya zamani na karatasi zozote zilizokuwepo, akaandika kupita juu ya maneno yaliyochapwa, kwa mwelekeo mwingine. Wino aliutengeneza kwa rangi nyekundu ya mbegu za mmea, iliyoitwa zingifure. Gazeti moja alilotumia ni The Standard ya London, la tarehe 24 Novemba 1869.

Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, katika eneo la Kasongo la leo. Nyumba aliyopewa ilijaa wadudu, hakulala vizuri. Akaomba ajengewe ingine, na mwezi wa Aprili alihamia ndani yake kwa furaha kubwa. Wakati huo hata tarehe zilikuwa zimempotea.

Nyangwe ilikuwa na soko kubwa, watu zaidi ya 1,000 siku moja, wengi wao wanawake. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara walianza kupiga bunduki ndani ya soko. Akina mama walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama mtoni. Waarabu wenyewe walihesabu kati ya 330 na 400 waliokufa. Livingstone aliona kwa macho yake, na akaandika kwa ule wino wa mbegu. Siku chache kisha, aliondoka kurudi Ujiji, alipokutana na Stanley mwishoni mwa 1871. Stanley ndiye aliyepeleka maandishi yake Ulaya. Habari ya Nyangwe iliamsha hasira kubwa Uingereza, na mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Livingstone hakuiona siku hiyo. Alikufa mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ndani ya kibanda walichomjengea wenzake. Susi, Chuma na wengine walizika moyo wake pale, wakakausha mwili na kuubeba mpaka pwani. London walimtambua kwa ule mfupa wa mkono usiounga vizuri, wakamzika Westminster tarehe 18 Aprili 1874.

Na ule wino? Ulififia. Kwa zaidi ya miaka 100 kurasa za Nyangwe zilikuwa karibu hazisomeki. Wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 maneno yakaonekana tena. Hapo ilijulikana kwamba maandishi ya kwanza hayafanani kabisa na kitabu alichonakili baadaye: humo alikuwa amebadilisha mambo kadhaa.

Kwa sisi wa Kasongo na Kabambare, karatasi hizo si habari za Muzungu peke yake. Wanawake waliokufa sokoni Nyangwe hawakuachiwa kaburi lenye majina. Ushuhuda wao ulishikwa na gazeti kuukuu na maji ya mbegu, juu ya mgonjwa mmoja alikataa kungojea daftari mpya. Mwenye karatasi za zamani nyumbani, cheti cha shamba au barua ya babu, azitoe kwenye unyevu leo. Kuzitunza ni rahisi kuliko kuzifufua.